Fundi Aliyemuuliza Mgonjwa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Chung Hsiu-luan amepiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya wakulima wa mboga za majini, pembezoni mwa mji wa Meinong, kusini mwa Taiwan. Sikio lake limekaribia kugusa ubavu wa kompyuta. Anabonyeza kitufe. Feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, lakini kioo kinabaki cheusi. Ndani ya sanduku unasikika mlio mfupi, kisha mwingine, kisha mwingine tena.

Nje lori linanguruma. Yapo makasha mia mbili na arobaini ya mboga, zilizong'olewa tangu alfajiri na watu waliosimama kwenye mabwawa maji yakiwafika kifuani. Hakuna kasha linaloondoka bila lebo, na lebo zote zinatoka kwenye kompyuta hii.

"Dada Luan, imekufa?" anauliza Lo Chin-pang, karani wa ofisi, huku akichungulia dirishani kumtazama dereva.

"Ingekufa isingelia. Hii inalalamika. Jana mlifunga madirisha?"

"Tulisahau. Na mvua nayo ikapiga."

"Basi imekesha kwenye unyevu. Niazime kifutio."

"Kifutio gani?"

"Cha penseli. Karani mzima huna kifutio?"

Lo anapekua droo mbili, anakipata kimoja kilicholiwa nusu. Hsiu-luan anachomoa waya wa umeme, anashika chuma cha sanduku kwa muda ili umeme wa mwilini mwake utoke, kisha anaingiza vidole viwili na kuvuta kadi ya kumbukumbu, kipande chembamba kinachotosha kiganjani. Anausugua ukingo wake wa rangi ya dhahabu kwa kifutio, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto kucha. Anapangusa kwa brashi laini, anairudisha mahali pake mpaka inalia "tik" upande wa kushoto na "tik" upande wa kulia.

Anawasha. Kioo kinang'aa.

Imechukua dakika sita. Lo anashusha pumzi. "Mimi niliipiga makofi, nikadhani itaamka."

"Najua," anasema Hsiu-luan akifunga skrubu. "Alama ya kiganja chako ipo hapa kwenye vumbi."

Mwandishi wa makala haya ameishi Meinong miaka kumi na minne, na kwa muda wote huo amekuwa akisikia jina la mwanamke huyu likitajwa kwenye vibanda vya tambi, kwenye foleni ya posta, hata kwenye mazishi. Lakini kusikia ni jambo moja, na kumwona akifanya kazi ni jingine. Mtu anaondoka pale akitazama mikono yake mwenyewe na kujiuliza imekuwa ikifanya nini siku zote.

Hsiu-luan ana miaka hamsini na minane. Duka lake liko kwenye chumba cha mbele cha nyumba kuukuu iliyokuwa ya kukaushia tumbaku, na kuta zake bado zina harufu hiyo siku za joto. Mwezi ukiwa mzuri hupata dola elfu ishirini na sita za Taiwan, pungufu ya alizolipwa kiwandani alipoacha. Anasafiri kwa pikipiki ndogo ya rangi ya maziwa, sanduku la vifaa likiwa limefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli.

Kiwandani, huko Kaohsiung, alikaa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kwa risasi ya kuyeyusha vipande vidogo kuliko punje ya mchele kwenye mabamba ya kompyuta ambazo hakuwahi kuziona zikiwashwa. "Tulikuwa wanawake mia tatu kwenye mstari," anasema. "Bamba linakuja, unaweka vipande vyako vinne, linaondoka. Nilikuwa najua vile vinne tu. Miaka kumi na tisa, vipande vinne."

Kiwanda kilipohamia ng'ambo akarudi Meinong kumuuguza mama mkwe. Siku moja akaokota kompyuta iliyotupwa nje ya shule, akaifungua juu ya meza ya jikoni. Akaviona vipande vyake vinne, na pembeni yake mamia ya vingine.

"Nilikaa pale nikaitazama mpaka wali ukaungua," anasema. "Mama mkwe akauliza, 'We Luan, umefiwa?' Nikamwambia hapana mama, nimekutana na wenzangu."

Ilimchukua miezi minne kuifufua. Baada ya hiyo akaomba nyingine. Wanaume wa mtaani walimcheka, wakamwita Bibi Bisibisi. Jina hilo ndilo lililoandikwa leo juu ya mlango wa duka lake, kwa rangi nyekundu.

Ukimfuata siku nzima utashangaa jinsi anavyochelewa kugusa mashine. Mzee mmoja wa mtaa wa chini analia kwamba intaneti imemkataa, kila ukurasa unasema si salama. Hsiu-luan anatazama saa iliyo kwenye pembe ya kioo na kuona inasoma mwaka 2009. Betri ndogo ya ndani, ya duara kama sarafu, imeisha. Kompyuta imesahau leo ni lini, na kurasa zote zinaiona kama mgeni mwenye kitambulisho kilichopitwa na wakati. Anabadilisha betri, anarekebisha tarehe, basi. Bibi mwingine anasema mashine yake imekuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Anakuta programu tano za kuua virusi zimewekwa pamoja, kila moja ikimshuku mwenzake.

Kila mahali anauliza maswali mawili kabla ya kufungua sanduku la vifaa. Mara ya mwisho ilifanya kazi vizuri lini? Na tangu siku hiyo, kimebadilika nini?

Ni maswali hayo yaliyompeleka, mwezi wa saba mwaka jana, kwenye kitanda cha Mwalimu Song.

Song Ting-huan alifundisha sayansi katika shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Nusu ya watu wazima wa mjini walipitia mikononi mwake. Kisha ukamwingia ugonjwa unaoua mishipa inayoendesha misuli, ukaanza na kidole gumba cha mkono wa kulia, ukaendelea na mikono, miguu, ulimi, kifua. Leo ana miaka hamsini na sita. Anapumua kwa mashine iliyounganishwa na koo lake, na kilichobaki chini ya amri yake ni macho.

Macho hayo ndiyo kalamu yake. Mbele ya kitanda iko kompyuta yenye kamera chini ya kioo, inayofuata mboni zake. Akiikazia herufi macho, inaandikika. Akimaliza sentensi akaiamuru isomwe, kompyuta inaisoma kwa sauti ya mwanamume wa mjini, safi kama ya taarifa ya habari.

"Niliolewa na mwalimu, sasa naishi na mtangazaji," husema mkewe, Ku Ying-mei, anayemuuguza mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Mwaka jana mtangazaji huyo akaanza kukatika katikati ya maneno. Kompyuta ilikuwa ikizimika ghafla, na ikiwashwa upya lazima kamera ifundishwe tena macho ya Mwalimu, kazi ya dakika ishirini. Ilitokea mara moja kwa siku, kisha mara tatu. Wakaja mafundi wawili kutoka jijini, kwa wakati tofauti. Wa kwanza alibadilisha kifaa cha ndani kinachogawa umeme na kuweka programu zote upya. Wa pili alibadilisha kadi za kumbukumbu, akashauri wanunue mashine mpya. Wote walifika asubuhi, wakaikuta inafanya kazi vizuri, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Ikaendelea kuzimika.

Hsiu-luan alifika saa tatu asubuhi. Ying-mei akaanza kumweleza yote kwa pumzi moja, tarehe, mafundi, vifaa vilivyobadilishwa. Hsiu-luan alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante dada," akamwambia. "Sasa naomba nimuulize Mwalimu."

Akavuta kiti, akakaa mahali ambapo macho ya mgonjwa yangemfikia bila taabu.

"Mwalimu, mimi nimekuja leo tu. Wewe ndiye unayeshinda nayo. Unaonaje, inaumwa nini?"

Ying-mei anasema katika miezi miwili ya mafundi hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Hata yeye mwenyewe.

Herufi zikaanza kutokea kwenye kioo, moja moja. *Nilisema umeme. Walipima. Wakasema mzima.* Kisha macho yakahangaika kuelekea mlangoni, na sentensi nyingine ikasomwa kwa sauti: "Ying-mei, mgeni hana chai."

Ying-mei akaenda jikoni. Alipotoka tu, Mwalimu akaandika tena, na safari hii hakuiamuru kompyuta isome. Hsiu-luan akainama kuona.

*Pampu. Mchana tu. Usimwambie.*

Pampu hiyo ni ya kuvuta makohozi. Mwalimu hawezi kukohoa, kwa hiyo kila yanapojaa kooni anamwita mkewe kwa kengele ya kwenye kompyuta, naye anawasha pampu na kuyavuta kwa mrija. Bila pampu angezama ndani ya kifua chake mwenyewe. Mkono unaoiwasha ni wa Ying-mei, mara nane, mara kumi kwa siku.

Chai ilipokuja Hsiu-luan akanywa. Akaomba ruhusa ya kushinda pale mpaka mchana.

Saa sita akala tambi pana za mchele pamoja na Ying-mei, akamsaidia kumgeuza Mwalimu. Saa saba joto likapanda na Ying-mei akawasha kiyoyozi. Kompyuta ikaendelea vizuri. Hsiu-luan akalala kifudifudi, akajipenyeza chini ya kitanda akiwa na tochi mdomoni, akifuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Mashine ya kupumulia ilikuwa na soketi yake peke yake na betri yake, iko salama. Lakini kompyuta, kiyoyozi na pampu vyote vitatu vilikuwa vimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya zamani, iliyobanwa kati ya kitanda na ukuta wa mbao. Akachomeka mita ya kupimia umeme kwenye tundu lililobaki. Ikasoma mia na kumi, kama inavyotakiwa.

Saa nane na nusu kengele ikalia. Ying-mei akachukua mrija.

"Dada," sauti ikatoka chini ya kitanda, "washa kama siku zote."

Pampu ikaunguruma. Mita ikaporomoka mpaka themanini na nne, na kioo kilichokuwa mbele ya Mwalimu kikawa cheusi.

Hsiu-luan akashika plagi ya ekstensheni ukutani, akautoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Akasubiri Ying-mei amalize kuvuta makohozi, kisha akaichomoa kwa kuifunga kitambaa. Plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia, na nyuma yake, kwenye ubao wa ukuta, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa yai. Sentimita arobaini kutoka pale ndipo kilipokuwa kichwa cha Mwalimu.

"Nilikaa sakafuni," anasema Hsiu-luan. "Mimi natengeneza kompyuta, mtu akikosa kompyuta anakasirika, basi. Siku ile niliona ukuta."

Asubuhi kiyoyozi kinakuwa kimezimwa, hivyo waya ule mchovu uliweza kubeba pampu na kompyuta. Mchana, vikiwa vitatu, ulishindwa. Fundi aliyepima umeme asubuhi alipima kweli, na mita yake haikudanganya.

Ying-mei alikuwa amesimama na mrija mkononi, akitazama pampu, kisha kioo cheusi, kisha pampu. Akaelewa peke yake.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Kila nikiwasha, namzima mwenyewe."

Halafu akakumbuka jambo jingine. Kwa wiki tano muuguzi wa kituo cha afya alikuwa akimgombeza kwamba anachelewa kumvuta mgonjwa makohozi, hewa mwilini inapungua. Ying-mei alikuwa akijitetea kwamba kengele inalia kwa kuchelewa. Hakujua kwa nini.

Akamgeukia mumewe. "Ulikuwa unachelewa kuniita makusudi. Ulijua ukiniita itazimika."

Kompyuta ilikuwa imezimwa. Mwalimu alimtazama tu, naye akamtazama.

Hsiu-luan akainuka. Akavuta waya kutoka soketi ya sebuleni, akauunganisha kwenye kompyuta peke yake, akaiwasha. Kisha zikaja dakika ishirini za kuifundisha kamera: tazama juu, tazama chini, tazama pembe ya kulia. Ying-mei alikaa ukingoni mwa kitanda wakati wote huo, ameshika mguu wa mumewe juu ya shuka.

Sauti ya mtangazaji ilipotoka, ilisema: "Nilikuwa sijamaliza sentensi."

"Sentensi gani ya kufia?" Ying-mei akauliza, machozi yakimtoka.

Herufi zikaja polepole. "Nilikuwa nalalamikia chumvi ya chakula cha mchana."

Hsiu-luan anasema hajui nani alianza kucheka. Anakumbuka tu kwamba Ying-mei alicheka mpaka akainamisha kichwa kwenye godoro, na kwamba macho ya Mwalimu yalikuwa yanang'aa.

Siku hiyohiyo fundi umeme aliitwa akavuta nyaya mbili mpya kutoka kwenye sanduku kuu la umeme. Wiki iliyofuata ikaongezwa betri ya akiba, inayoipa kompyuta dakika arobaini umeme ukikatika. Tangu hapo mashine haijazimika katikati ya neno.

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini siku tisa baadaye simu ya Hsiu-luan ilipokea ujumbe mrefu kidogo kutoka kwa Mwalimu, ambao baadaye alikuja kujua umeandikwa kwa saa moja na nusu. Ulisema: *Uliuliza maswali mawili na kumsikiliza mwenye mashine. Hilo linafundishika. Andika kitabu.*

Akajibu kwamba yeye si mtu wa kuandika, aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano.

*Wewe sema,* likaja jibu. *Mimi nitaandika.*

Tangu mwezi wa nane mwaka jana, kila Alhamisi saa tatu asubuhi, Bibi Bisibisi anaegesha pikipiki yake nje ya nyumba ya akina Song, anavua viatu, anakaa kwenye kiti kilekile. Anazungumza. Mwalimu anaandika kwa macho. Siku nzuri hutoka mistari kumi na miwili. Siku mbaya, miwili.

Mwandishi huyu alishuhudia Alhamisi moja. Zamu hiyo ilikuwa ya kompyuta inayopata joto na kujizima.

"Andika hivi," alisema Hsiu-luan. "Mashine ikichanganyikiwa kwa joto..."

Sauti ya mtangazaji ikamkata. "Mashine haichanganyikiwi. Eleza."

"Mwalimu, kila mtu ataelewa."

"Mtoto wa darasa la tano atauliza."

Hsiu-luan akafikiri, akijikuna kichwa kwa bisibisi. "Haya. Vumbi likiziba matundu, upepo wa feni haupiti. Joto linabaki ndani. Mashine inajizima yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo usiilazimishe, ichomoe kwanza, iache ipoe, ndipo usafishe."

Kisha kwenye kioo, alama moja baada ya nyingine, maneno yale yakajipanga, yamenyooka kuliko alivyoyasema. Ilichukua dakika thelathini na tano. Hakuna aliyehama kwenye kiti. Nje mtu alikuwa akipita na baiskeli akiuza maboga, sauti yake ikaja ikapotea, na yale macho hayakuyumba. Ni vigumu kueleza kinachompata mtu anapotazama jambo hilo. Mwandishi huyu aliifunga kalamu yake, akaona haya jinsi anavyoandika ovyo.

Kitabu kina kurasa thelathini na mbili sasa. Kinaanza na yale ambayo watu huyaruka kwa aibu: je, plagi imeingia sawasawa, je, kioo chenyewe kimewashwa? Kinamwambia msomaji anakili picha za wajukuu kabla ya kujaribu lolote. Kinamwambia kwamba namba ya simu inayoruka yenyewe kwenye kioo ikidai kompyuta yako ina hatari ni ya mwizi, asiipige. Na ukurasa mmoja mzima, aliousisitiza Mwalimu, unahusu kushika plagi zote za nyumbani kwa mkono mkavu kila mwezi kuona kama zina joto.

Mpango wao ni nakala mia sita, zenye maandishi makubwa, kwa ajili ya vituo vya wazee vya Meinong na vijiji vya jirani. Ying-mei amepata mwanafunzi wa zamani wa mumewe mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa. Hawajakubaliana jina la nani litatangulia kwenye jalada. Kila mmoja anataka la mwenzake.

Daktari amewaambia kwamba siku moja macho nayo yatachoka. Mwalimu analijua hilo na ameliandika mwenyewe kwenye ratiba, bila kulipamba, kama anayepanga mtihani wa mwisho wa muhula. Sura ya mwisho ameshaipa kichwa: mashine isiyotengenezeka, namna ya kuitambua na namna ya kuiacha. Hsiu-luan ameiahirisha mara tatu.

Alhamisi ile, alipokuwa akikusanya vifaa vyake, kompyuta ilisema, "Wiki ijayo sura ya mwisho. Mimi niko tayari."

Hsiu-luan alifunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga tena.

"Mie siko tayari, Mwalimu. Hatujagusa printa."

Macho yalimtazama.

"Printa zina matatizo mengi," akaendelea. "Karatasi kukwama, wino kukauka, kuchapa mambo ya juzi badala ya ya leo. Hapo hatujafika kwenye zile za ofisini. Mimi naona zitatuchukua mpaka mwaka mpya, pengine na baada yake."

Ying-mei alikuwa mlangoni. Wote watatu walisubiri herufi.

"Basi anza na karatasi kukwama," ikasema sauti. "Na uje mapema."